AI inaweza kukuandikia tenda, lakini nani anashika kiolezo chako?

Kwa miaka mingi tenda ya serikali ilikuwa na sura ya sanduku. Sanduku la chuma, rangi imebambuka, mwanya mwembamba juu, kufuli pembeni, limewekwa kwenye korido ya ofisi za kaunti. Ukitaka kuuza karatasi, unga, sare au miche, au kukarabati kipande cha barabara ya kijijini, ulibeba bahasha yako ukaitumbukiza mle kabla ya saa ya mwisho. Kama ulichelewa dakika mbili kwa sababu matatu ya kutoka Mulot ilisimama kila kituo ikitafuta abiria, pole. Hakuna aliyekusikiliza.

Sanduku hilo linahamia mtandaoni. Hazina ya Kitaifa iliagiza kuwa kuanzia mwaka wa kifedha ulioanza Julai 1, 2025, ununuzi wa umma ufanyike kupitia mfumo wa kielektroniki unaojulikana kama e-GP. Magavana walipinga, watu wakaenda mahakamani, na mvutano huo umetusumbua kwenye habari kwa miezi mingi. Lakini hata mwenye kupinga anajua gari linaelekea wapi. Siku za bahasha ya kaki zinahesabika.

Wakati huo huo, simu iliyo mkononi mwako ina ChatGPT au Gemini. Unaiambia iandike barua ya kuomba kazi, inaandika. Unaiambia iandike pendekezo la kusafisha hospitali, inakupa kurasa nne za Kiingereza kilichonyooka kuliko cha mwalimu wako wa sekondari. Kwa hivyo swali ambalo vijana wengi wa Kericho na Bomet wanauliza siku hizi ni la maana: si basi tuunde kiolezo kimoja, au templeti kama wengi tunavyoiita, tuwe tunakilisha AI kila tenda inapotangazwa, halafu tutume?

Jibu langu ni ndiyo, unda. Ila kiolezo ambacho wengi wanafikiria si kile kitakachowasaidia, na kuna watu ambao tayari wamekuundia, na hao ndio wa kuogopa.

Tuanze na sababu ya haya yote kuwa mazito katika nchi ya chai. Unaijua hali. Mzazi aliyelipa karo kwa kuchuma chai hawezi kukuachia kazi hiyo, maana mashine imeichukua sehemu yake kubwa. Mei 2023 hasira ilipanda hadi mashine za kuchuma chai zikateketezwa Kericho. Mashine hazikuondoka. Mashamba makubwa yamebadilisha wamiliki tangu wakati huo, lakini hesabu ya kazi haijabadilika. Kwa upande wa wakulima wadogo wanaopeleka majani viwandani kama Litein, Kapkatet, Kapkoros au Mogogosiek, kila Oktoba ni kilio cha bonasi, na mara nyingi mkulima wa huku magharibi mwa Bonde la Ufa hupata kidogo kuliko mwenzake wa upande wa Mlima Kenya. Ekari moja iliyogawanywa kwa ndugu wanne haimpi yeyote kati yao mshahara.

Sasa tazama upande wa pili. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inasema kila taasisi ya umma itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake ya ununuzi kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mpango wenyewe, AGPO, ulizinduliwa 2013. Kijana ni mtu wa kati ya miaka 18 na 35. Biashara lazima iwe angalau asilimia 70 mikononi mwa vijana, na wanaoiongoza wote wawe vijana. Kaunti nayo inatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya ununuzi wake kwa wakazi wa kaunti hiyo. Cheti cha AGPO hakilipishwi. Anayekuitisha pesa ili "akusaidie kukipata haraka" anakuibia mchana peupe.

(Viwanda vya KTDA, kwa taarifa yako, si ofisi za serikali. Ni mali ya wakulima. Tenda zao za kuni na za usafiri hazibanwi na hiyo asilimia 30, ingawa kiolezo kizuri kitakufaa huko pia.)

Kwa hivyo mlango upo, na umeandikwa kwenye sheria. Mbona basi kwenye kila kikundi cha WhatsApp cha vijana wenye cheti cha AGPO utakuta watu ambao hawajawahi kushinda hata tenda ya kalamu?

Sababu ya kwanza ambayo kila mtu huitaja ni ufisadi, na siwezi kukuambia haipo. Kericho yenyewe imeona gavana wake, Erick Mutai, akitimuliwa na madiwani mara mbili, Oktoba 2024 na Agosti 2025, huku matumizi ya pesa za kaunti yakiwa katikati ya madai hayo. Aliyakana, na mara zote mbili aliokoka Seneti baada ya mabishano kuhusu iwapo theluthi mbili ya madiwani ilitimia. Ukiishi hapa huhitaji kuelezwa kwamba tenda ni siasa.

Lakini kuna sababu nyingine isiyo na utamu wa kusimulia. Bahasha nyingi za vijana hufa kabla hata bei haijatazamwa. Tathmini ya zabuni huenda kwa hatua. Kwanza wanaangalia masharti ya lazima: cheti cha usajili, cheti cha KRA cha kuzingatia ulipaji ushuru, CR12 kama ni kampuni, cheti cha AGPO, fomu zote zimejazwa na kutiwa sahihi, kurasa zote zimepewa nambari mfululizo. Ukikosa kimoja, umetoka. Halafu ndipo uwezo wa kazi, na mwisho bei. Sheria inaitaka kamati ipime kwa vigezo vilivyo kwenye hati ya zabuni, si kwa huruma. Kijana aliyeweka bei nzuri kuliko wote lakini akasahau kutia sahihi kwenye fomu moja, bei yake haisomwi na mtu katika tathmini.

Halafu hati yenyewe! Hati sanifu za zabuni za Mamlaka ya Kudhibiti Ununuzi wa Umma, PPRA, ni ndefu, ni Kiingereza cha mawakili, na zina fomu juu ya fomu. Fomu ya zabuni, dodoso la siri la biashara, hati ya kuthibitisha kwamba uliamua bei yako bila kushauriana na washindani, tamko la SD1 kwamba hujafungiwa, tamko la SD2 kwamba hutajihusisha na ufisadi, na ahadi ya maadili. Tenda ya kuuza sabuni inaweza kuja na kurasa nyingi kuliko kitabu cha kiada cha darasa la nane.

Hapo ndipo broka anapoingia. Kila mji una wake: Litein, Silibwet, Sotik, Kapsoit. Ana kiti kwenye saiba, ana mhuri wa kampuni tatu, ana faili ya zamani ambayo hubadilisha jina na tarehe tu. Unamlipa kuandika, unamlipa tena kama umeshinda. Faili hiyo yake ndiyo kiolezo. Amekuwa nacho siku zote, ni wewe tu hukuwa nacho.

Kwa hivyo AI ikija, jambo la kwanza inalofanya si kukuandikia maneno matamu. Inavunja bei ya broka. Chukua hati ya zabuni, ipakie, uiambie hivi: nitolee jedwali la kila sharti la lazima, uniandikie liko ukurasa gani na kifungu gani, na unieleze kwa Kiswahili rahisi linataka nini. Kazi hiyo inaifanya vyema, na wewe unaweza kuikagua mwenyewe kwa kufungua ukurasa uliotajwa. Ukurasa ukiwa na neno tofauti na alilosema roboti, unaamini ukurasa. Kwa kijana wa Konoin aliyekaa na hati ya kurasa mia moja usiku, umeme ukiwa unapotea na kurudi, huo ni msaada wa kweli. Sijui mwalimu wa AGPO ambaye angepatikana saa hiyo.

Sasa kiolezo. Wengi huanza na mahali pasipofaa: barua ya utangulizi, maono, dhamira, "sisi ni kampuni changa yenye ari". Hiyo ndiyo sehemu yenye thamani ndogo kuliko zote. Ningekuwa wewe ningeanza na folda.

Folda moja kwenye akaunti ya kikundi, si ya mtu binafsi. Ndani yake weka vyeti vyote vikiwa vimepigwa skani vizuri, na karatasi moja ya jedwali inayoonyesha kila cheti kinaisha lini. Cheti cha ushuru cha KRA hudumu mwaka mmoja, na hakina tabia ya kukukumbusha. Kibali cha biashara cha kaunti nacho kina mwisho wake. Kama mnafanya kazi za ujenzi, usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, unatakiwa uwe hai siku ya kufungua zabuni. Jedwali hilo ndilo ukurasa wa kwanza wa kiolezo chako, na halihitaji AI hata kidogo.

Baada ya folda ndipo maandishi, na hapa yagawanye kwa makini. Yapo mambo yasiyobadilika kutoka tenda hadi tenda: nyinyi ni nani, mmesajiliwa wapi na lini, mna vifaa gani, mlishafanya kazi gani na nani anaweza kuthibitisha. Hayo yaandike mara moja, yaandike nyinyi wenyewe, kwa ukweli, halafu yafungeni. Yapo yanayobadilika kila mara: jina la taasisi, nambari ya zabuni, mahali pa kazi, ratiba, idadi ya wafanyakazi. Kila moja lipe nafasi yenye mabano ya mraba na rangi ya manjano, ili jicho lisikose. Kosa la kale kuliko yote katika biashara hii ni kupeleka zabuni Bomet ikiwa bado ina jina la Kericho katika ukurasa wa tisa. Mabano ya manjano hayakuachi ufike huko. Kabla ya kutuma, tafuta alama ya mabano kwenye waraka mzima. Ikipatikana hata moja, bado hujamaliza.

Halafu kuna yale ambayo si yako kuyagusa. Fomu za kisheria huja na hati ya zabuni yenyewe na hujazwa kama zilivyo. Usiiambie AI "iboreshe" lugha ya SD1. Usiikubalie iandike upya fomu ya zabuni kwa sababu eti imeona sentensi ni ndefu. Na usiiache ikujazie matamko. Unapotia sahihi kwamba hujafungiwa na PPRA, au kwamba hujala njama na mshindani, anayejibu mbele ya sheria ni wewe. Kampuni inayosema uongo inaweza kufungiwa kushiriki tenda za serikali kwa muda usiopungua miaka 3. Roboti haifungiwi.

Tuseme hospitali ndogo upande wa Sotik inataka huduma ya usafi. Mko watano. Kiolezo chenu kina sehemu isiyobadilika tayari. Sehemu ya "jinsi tutakavyofanya kazi" ndiyo inayohitaji kuandikwa upya, na hapa ndipo AI huwadanganya vijana. Ukiiachia, itakuandikia mfumo wa usafi wa hospitali ya London: mashine za kusugua sakafu, mfumo wa kidijitali wa zamu, mafunzo ya kila robo mwaka. Yote ni mazuri, yote huna. Kamati ya tathmini ina watu wanaoijua Sotik. Wanajua maji hukatika siku gani. Wewe uliyekulia pale unajua pia, na hilo ndilo la kuandika: mtahifadhi maji wapi, taka za hospitali mtazitenga vipi na zile za kawaida, nani atakuja zamu ya usiku na atarudije nyumbani. Andika kwa lugha yako, hata kwa kuzungumza kwenye simu, sheng na yote. Kisha iambie AI iyapange kwa Kiingereza rasmi bila kuongeza kitu ambacho hukusema. Kifungu hicho cha mwisho kiandike ndani ya kiolezo chenyewe, kiwe agizo la kudumu.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mashine hizi hubuni. Oktoba 2025 kampuni kubwa ya ushauri, Deloitte, ilikubali kurudishia serikali ya Australia sehemu ya malipo ya ripoti iliyogharimu takriban dola 440,000 za nchi hiyo, baada ya kugunduliwa kwamba ina marejeo ya tafiti ambazo hazipo na hata nukuu ya hukumu ya mahakama ambayo haikuwahi kuandikwa. Deloitte! Wenye mawakili na wahariri kila ghorofa. Hapa kwetu usishangae roboti ikakunukulia sheria ya ununuzi ya mwaka 2005, ambayo ilishafutwa na hii ya 2015, kwa ujasiri wote kana kwamba ilisomewa bungeni jana.

Kwenye bei ndipo pa kuwa mkali zaidi. Sheria yetu, kifungu cha 82, inasema bei iliyosomwa wakati wa kufungua zabuni ni ya mwisho, haisahihishwi wala kurekebishwa na mtu yeyote. Maana yake ni hii: ukikosea kujumlisha, kosa ni lako hadi mwisho wa kandarasi. Umeandika Sh420,000 badala ya Sh520,000? Utafanya kazi ya Sh520,000 kwa Sh420,000, au utaiacha na jina lako lichafuke. Programu za kupiga gumzo huandika vizuri kuliko zinavyohesabu. Bei iwe kwenye jedwali la hesabu, Excel au Google Sheets, yenye fomula ulizozipima wewe, ikiwa na mstari wa VAT ya asilimia 16 kwa wanaohusika, nauli, mishahara isiyopungua kiwango cha kisheria, na mstari mmoja ambao vijana wengi huusahau: gharama ya kungoja malipo.

Nitarudi kwenye huo mstari. Kwanza kuna hatari nyingine ambayo sijaona ikizungumzwa, na inahusu ukarimu wetu. Sisi watu wa huku hugawana. Mtu akipata kiolezo kizuri, kesho kiko kwenye vikundi vitatu vya WhatsApp, kutoka Londiani hadi Chebole. Sasa tenda inatangazwa, vikundi sita vinaomba, vyote vimetumia kiolezo kimoja na AI moja kwa agizo moja. Kamati inafungua na kukuta kurasa zilezile, mpangilio uleule, hata kosa la tahajia lilelile. Na kila kikundi kimetia sahihi hati ya kwamba kiliandaa zabuni yake kivyake. Huenda hakuna njama yoyote. Lakini sheria inakataza kula njama, na jambo la kwanza mtu anayetafuta njama hutazama ni kufanana. Gawaneni folda tupu, gawaneni jedwali la masharti, fundishaneni maagizo ya kuipa AI. Maelezo ya kazi na bei yabaki siri ya kila kikundi.

Serikali nyingine zimeshaanza kuliwazia hili. Uingereza ilitoa mwongozo 2024 unaoruhusu maafisa wa ununuzi kumuuliza mzabuni kama alitumia AI kuandaa zabuni yake. Kuitumia si kosa, ila wanataka kujua. Kenya ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030 mnamo Machi 2025. Siku swali kama hilo likiingia kwenye hati zetu, jibu ukweli. Kikundi kilichoandika uwezo wake wa kweli hakina la kuogopa kwenye swali hilo.

Kuna suala la vitambulisho pia. Tenda huomba nakala za vitambulisho vya wakurugenzi, PIN za KRA, taarifa za benki, wasifu wa wafanyakazi. Nimeona watu wakipakia furushi hilo lote kwenye AI ya bure ili "iipange". Hizo ni data za watu wengine, na tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. AI haihitaji nambari ya kitambulisho ya dada wa zamu ya usiku ili ikuandikie aya. Ipe "Mfanyakazi wa Kwanza", kisha jaza jina mwenyewe mwishoni, ukiwa nje ya mtandao. Na ukitumia kompyuta ya saiba, toka kwenye akaunti na ufute nakala iliyobaki kwenye "Downloads". Zabuni nyingi zimeuzwa na mashine ya saiba kabla hazijafika kwa mteja.

Sasa tufike kwa lile swali la kichwa cha habari.

Kuna mtindo ambao kila kijana wa tenda anaujua, ingawa hausemwi hadharani. Mwenye pesa, mara nyingi mkandarasi wa umri wa kutosha kuwa babako, anatafuta vijana wenye cheti cha AGPO. Kampuni ni yenu kwenye karatasi. Yeye anaandika zabuni, anaweka bei, anapokea LPO, anafanya kazi, anawapa "shukrani". Asilimia 30 ya vijana inahesabiwa imetimia, na taasisi inapeleka ripoti yake kwa PPRA ikiwa safi. Nyinyi mmebaki na picha ya WhatsApp mkiwa mmesimama kando ya lori lisilo lenu.

Mfumo wa mtandaoni hauondoi mtindo huo. Unaweza hata kuurahisisha. Zamani mkandarasi alihitaji mhuri wenu na sahihi zenu. Sasa anahitaji nywila ya akaunti yenu ya e-GP, nambari ya simu inayopokea ujumbe wa uthibitisho, na kiolezo. Akiwa na hivyo vitatu, anaweza kuomba tenda usiku mkiwa mmelala, kwa jina lenu, na tamko la SD2 likawa na majina yenu chini. Ikiharibika, anayeitwa na EACC ni kijana wa miaka 24 kutoka Ainamoi ambaye hajui hata kampuni yake iliuza nini.

Ndiyo maana nasema kiolezo ni jambo la umiliki kabla ya kuwa la teknolojia. Kinakaa kwenye akaunti ya nani? Nani anaweza kukihariri? Historia ya mabadiliko inaonekana? Google Docs huonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi. Hilo pekee limeshamaliza ugomvi mwingi kwenye chama. Laini ya simu ya kampuni isajiliwe kwa jina la mkurugenzi aliye hai na anayepatikana, si ya "mzee anayetusaidia". Mzee akitaka kusaidia kweli, akubali kuwa mfadhili kwa mkataba ulioandikwa, na mwone bei anayoiweka.

Kuhusu ule mstari wa kungoja malipo: kufikia Juni 2025, kwa mujibu wa ripoti za Msimamizi wa Bajeti Margaret Nyakang'o, kaunti 47 zilikuwa na malimbikizi ya madeni ya zaidi ya Sh170 bilioni. Nairobi pekee ina karibu nusu yake, lakini zilizosalia si malaika. Kiolezo bora kabisa kinaweza kukushindia tenda ambayo itakulaza njaa miezi minane. Kwa hivyo kabla ya kuomba, iulize AI swali lingine, ukiwa umeipa ripoti ya karibuni ya Msimamizi wa Bajeti: taasisi hii inadaiwa kiasi gani, na deni limepanda au limeshuka? Ripoti hizo zipo wazi kwenye tovuti yake na ni ndefu mno kusomwa kwa simu; kuzifupisha ni kazi halali ya mashine, mradi uufungue ukurasa uthibitishe tarakimu. Hazina ya Vijana hutoa mikopo kwa mwenye LPO, na wanaopata ruzuku ya NYOTA ya Sh50,000 wanaweza kuanzia hapo na tenda ndogo. Lakini mkopo hulipwa hata kaunti isipolipa. Kwenye jedwali la bei andika utakula nini miezi yote hiyo. Tenda ikishindwa kubeba mstari huo, iache ipite, nyingine itatangazwa.

Ukiomba ukashindwa, unastahili kuarifiwa na kuambiwa sababu. Vijana wengi hupata ujumbe huo, wanatukana, wanaufuta. Usiufute. Ukiona sababu si ya haki, una siku 14 tangu uarifiwe kupeleka lalamishi kwa bodi ya rufaa za ununuzi, PPARB, jijini Nairobi; kuna ada, na kwa tenda ndogo huenda hesabu isikubali. Lakini hata usipokwenda Nairobi, iingize barua hiyo kwenye folda, pembeni ya sharti lililokuangusha. "Ukurasa wa 43 haukuwa na nambari." "Taarifa ya benki ilikuwa ya miezi 5, si 6." Sharti hilo liingie kwenye jedwali la ukaguzi leo hii, kabla hamjasahau, pamoja na jina la atakayelikagua mara nyingine.